Maji ya Siku Nne kwa Mchana Mmoja

Odeta, mjukuu wangu,

Siku utakayofungua barua hii utakuwa umeshapanda treni ya Tabora, na mimi nitakuwa hapa Mishamo kwenye kigoda changu, mgongo umekataa kunyooka. Isome ukishapita stesheni mbili tatu. Usiisome pale Mpanda, kwa sababu pale bado unaweza kugeuza.

Mwandiko utakusumbua. Herufi zangu zimelala zote upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kuna mahali nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Vumilia. Wewe mwenyewe uliniambia madaktari wanaandika vibaya na manesi wanasoma hivyo hivyo. Basi jizoeze na mimi.

Sikuandikii habari za kula, kuvaa, na wanaume. Hayo nimekuambia kwa mdomo tangu ulipovunja ungo, na nusu hukusikiliza. Hapa nataka kukuambia makosa yangu. Nimechoka, Odeta. Huu si uchovu wa kulima, ule naujua na dawa yake ni kulala. Huu ni wa mtu aliyebeba kitu kichwani miaka mingi hajapata pa kukitua. Nakitua mbele yako. Sitaki ukibebe. Nataka ukione tu, halafu uende zako.

Nianze na uongo wa karibuni.

Mwaka jana, pikipiki ilipoingia uani kwetu na wewe umekaa nyuma, niliona sanduku la bati limefungwa kamba, na juu ya sanduku niliona godoro. Ukashuka, ukanikumbatia, ukasema, "Shikamoo bibi, tumefunga chuo, nimekuja likizo." Nikaitika marahaba. Mama Zabloni, jirani yetu ambaye hajawahi kupitwa na kitu katika maisha yake, alikuwa ameshafika kwenye ua kabla vumbi la pikipiki halijatulia. Akaniuliza, "Skola, mtoto vipi?" Nikamwambia, "Likizo." Akaangalia mzigo wako, akasema, "Likizo yenye godoro." Nikamfukuza kama kuku.

Nilijua, Odeta. Nilijua saa ile ile, kabla hujavua viatu. Lakini nyumba ilikuwa imenyamaza tangu uondoke, sauti pekee ilikuwa ya panya na redio, na nilifurahi. Huo ndio ukweli. Nilifurahi kwamba umeshindwa, kwa sababu umerudi. Nikatangaza kanisani likizo. Nikatangaza kisimani likizo. Likizo ikafika miezi mitatu, ikafika sita, na kwa huruma watu wakaacha kuniuliza.

Baadaye ulinieleza mwenyewe, tukipepeta maharage. Kwamba malaria ilikulaza wiki mbili, ukirudi darasani wenzako wako mbali. Kwamba ulitaka kuyameza ya wiki mbili kwa siku tatu, unakunywa kahawa kama mganga, miguu umeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie. Kwamba siku ya mtihani waliposema umpime mwenzako presha, mikono ilitetemeka mpaka yule mwenzako akakuuliza kama unaumwa. Ukafeli. Kesho yake hukuingia darasani. Kesho kutwa hukuingia. Siku ya tano, ulisema, ilikuwa rahisi kupanda treni kurudi nyumbani kuliko kutembea kutoka bwenini hadi darasani.

Mimi nikakuambia, "Pumzika, mama."

Neno zuri, siyo? Nililisema kwa upole, nikakuongezea na maharage. Lakini mimi ni mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kukuambia neno lile, kwa sababu nilikuwa nimeshaona linakompeleka mtu. Sasa nikueleze nilikoliona, ila nianzie mbali kidogo, kwenye kitalu.

Mwaka wa kwanza wa sisi kulima tumbaku, mimi na babu yako Melkiori tulikuwa vijana, na mama yako alikuwa mgongoni kwangu. Wewe tumbaku tuliiacha ukiwa bado mdogo, kwa hiyo hujui kitalu kinavyotesa. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kuliko unga. Unaichanganya na majivu, unaitia kwenye keni ya kumwagilia yenye maji, unaimwagia juu ya tuta, unafunika na nyasi. Hapo ni kiangazi, jua linakausha mpaka mate mdomoni, na kijito kiko huko bondeni. Bwana shamba alitukusanya akasema, "Asubuhi keni mbili kila tuta, jioni keni mbili. Kila siku mpaka mvua. Msiniletee habari za Jumapili, tumbaku haina Jumapili." Wanaume wakacheka. Sisi wanawake hatukucheka, tulikuwa tunahesabu safari za bondeni.

Nilianza vizuri. Wiki tatu. Miche ikatoka, kijani hafifu, ukiinama unaiona kama ukungu umelala juu ya udongo. Nikawa napita kwa wenzangu natazama vitalu vyao, narudi kwangu naona changu kimewapita. Kisha dada yake Melkiori akaolewa kijiji kingine humu humu Mishamo, mbali kidogo, na mimi ni wifi, nitakosaje. Nikasema siku moja. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pombe ya ndizi, kulikuwa na watu wa kwetu wa zamani ambao tangu tuvuke kutoka Burundi nilikuwa sijawaona. Siku moja ikawa nne. Kila asubuhi nilikuwa naamka nasema leo narudi, na kila asubuhi kurudi kulikuwa kuzito kuliko jana yake, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Nikakikuta. Tuta limekuwa jeupe, limepasuka, na miche imelala chini yote. Ila haikuwa imekufa, Odeta. Sikiliza hapo. Ilikuwa imelala tu.

Ningemwaga keni mbili nikaenda kupika, ingeinuka. Badala yake aibu ilinipanda kichwani, nikaanza hesabu ya mtu mwenye aibu. Nimekosa siku nne, basi nimwage maji ya siku nne. Jua liko utosini, mtoto mgongoni analia, mimi napanda na kushuka bondeni kama mwehu. Nikamwaga maji mpaka tuta likawa tope, mpaka nyasi zikaelea. Mama Zabloni alikuwa kwenye kitalu chake pembeni. Akasimama, akashika kiuno.

"We Skola, unamwagilia au unabatiza?"

"Nafidia," nikamwambia.

"Unamfidia nani? Mche haujui kama ulikuwa harusini."

Nilimkasirikia mno. Nikamwaga na keni nyingine mbele ya macho yake, makusudi. Baada ya siku tatu miche ikaanza kuoza shingoni, mmoja baada ya mwingine, na kitalu kikanuka kama mtungi ambao haujaoshwa. Hakuna hata mmoja uliopona. Jua la siku nne halikuua kitu. Maji yangu ya mchana mmoja ndiyo yaliyoua.

Nilienda kumwomba Mama Zabloni miche. Unamjua, alinipa, lakini alinipa na maneno. Akasema, "Mimi nilipojifungua Zabloni sikufika huku siku tatu. Nilipokuja nilimwaga mbili. Iliyokufa ikafa, iliyopona ikapona. Ungemwaga mbili tu, Skola, kama vile hukuondoka." Melkiori hakunigombeza. Alikula ugali wake akaniangalia, na heri angenigombeza.

Baada ya hapo hakuna mtu humu aliyekuwa na kitalu kama changu. Waliniita Mama Keni. Nimeumwa nikamwagilia, nimefiwa nikamwagilia. Siku nilizokosa nilikosa, nikirudi namwaga mbili. Nikadhani nimelielewa jambo hili lote, mwanzo na mwisho wake. Nikawa nawacheka wanawake wengine. Kiburi changu kilikua na miche yangu.

Sasa nifike kwa babu yako. Nilikuambia alikufa kwa sababu alikuwa mzee. Huo ni uongo mwingine. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilionao mimi leo.

Wewe ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, labda unakumbuka kikohozi chake. Kilikuwa kifua kikuu. Pale zahanati wakasema dawa yake ipo na inaponya, ila ni miezi sita, na kila asubuhi aje ameze mbele ya nesi. Wakampa kadi yenye vyumba vidogo vidogo, kila akimeza nesi anatia alama chumba kimoja. Mwezi wa kwanza alikuwa anatembea na fimbo, anapumzika njiani mara tano. Mwezi wa pili fimbo akaisahau nyumbani. Mwezi wa tatu akaanza kunitania tena, akaomba nyama, nikajua mume wangu amerudi.

Na ulikuwa wakati wa kitalu. Mgongo wangu huu ulikuwa ndio umeanza kuniuma. Asubuhi moja nikamkuta anavaa koti lake aende zahanati, nikamwambia, "Melkiori, wewe si umeshapona? Leo nibebee keni. Huko utaenda kesho."

Akasema, "Nesi atanisema."

Nikasema, "Nesi ana kitalu?"

Akacheka, akavua koti. Alifurahi, Odeta. Miezi mingi alikuwa anatazamwa kama mgonjwa, sasa kuna mtu anamhitaji abebe maji. Alishuka bondeni anapiga mluzi. Mimi nikaona nimemfanyia wema. Nikamwambia, nakumbuka, jioni ile nilimwambia apumzike kidogo na zile safari za zahanati, maana zinamchosha. Pumzika, nilimwambia.

Ile leo ikazaa leo nyingine. Akawa anaenda siku moja, anakosa mbili. Halafu akaacha. Kitalu mwaka ule kilipendeza mpaka bwana shamba alileta watu kukitazama. Nilisimama pale nimefunga kitenge kipya, nawaelezea watu habari ya keni mbili kila siku, bila kukosa, na mume wangu amekaa nyuma yangu kwenye kivuli anakohoa kidogo kidogo, mimi nasema ni vumbi.

Mvua zilipoanza akatema damu. Nikampeleka zahanati kwa baiskeli, nimemkalisha nyuma, namsukuma. Nesi alifungua kadi, akaitazama. Melkiori akanyoosha kiganja hivi, kama mtoto anayeomba pipi, akasema, "Nipe vyote nilivyokosa, navimeza hapa hapa." Yule nesi alikuwa binti mdogo, labda kama wewe sasa. Akamwambia kwa heshima, "Babu, vya jana vimeshapita. Tunaanza upya. Meza cha leo."

Tunaanza upya. Mimi niliyafurahia maneno hayo. Yeye yalimvunja. Wale aliokuwa anakaa nao kwenye benchi la zahanati miezi ile ya mwanzo walikuwa wameshamaliza, wamenenepa, wanapita na majembe wanamsalimia, "Mzee Melkiori, bado uko hapa tu?" Hawakuwa na ubaya, watu wanaongea. Yeye ilimchoma. Akaenda wiki moja. Wiki ya pili akasema miguu inauma. Nikamsihi, nikamfokea, nikapiga magoti, lakini nilimsihi kwa mdomo ule ule uliomwambia apumzike, na wote wawili tulijua. Alikufa tumbaku ikiwa inakauka kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia. Tumbaku nzuri sana.

Siku walipokuja kuchukua nguo zake za kugawa, niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti nikatoa ile kadi. Sikujua kusoma hata jina lake. Lakini chumba kitupu hakihitaji shule. Niliona vilivyojaa, vimepangana vizuri kama punje za mahindi kwenye gunzi. Halafu nikaona kimoja kitupu, nikajua ni cha siku ile ya keni. Halafu vingi.

Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeibeba. Nimepumzika siku mbili kabla ya kuendelea hapa, mkono ulikuwa haushiki kalamu.

Najua unachowaza. Unawaza, bibi alikuwa mtu wa kila siku, mbona ikawa vile. Ndiyo, nilikuwa mtu wa kila siku, kwenye kitalu. Nilijua kwamba mche hausubiri, nikadhani mume anaweza kusubiri. Siku hizi redioni kuna kijana kila asubuhi anahubiri nidhamu na mafanikio, anapaza sauti kama anauza sabuni, anasema ukiwa na nidhamu utafika. Sikatai. Ila hajasema ufike wapi, wala nani amekaa nyuma yako anakohoa wakati unafika. Wewe umechagua kazi ya kukaa mbele ya mtu na kuona kwamba amemeza. Ulipochagua hukujua habari hii. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Baada ya msiba nikaenda kwa Mwalimu Gervasi, katekista, anayefundisha watu wazima kusoma pale kanisani Jumatatu na Alhamisi. Nilitaka niweze kusoma ile kadi, basi. Nikajifunza herufi chache, ikaja kazi ya kuvuna nikakosa wiki mbili. Siku niliyorudi nikasimama nje ya dirisha, nikawasikia wenzangu wanasoma maneno mazima. Nikageuka, nikaenda nyumbani. Mwaka mzima sikurudi. Mama Keni, mwalimu wa wengine, nikashindwa na dirisha. Mwaka uliofuata nikaanza tena, nikaacha tena. Mara ya tatu niliacha kwa sababu mama mmoja anayenyonyesha alinicheka nilipochanganya herufi b na d.

Mara ya nne sijui niseme nini kilinirudisha. Hakukuwa na ndoto wala sauti. Nilichoka tu kuzunguka kanisa kwa njia ya nyuma ili Mwalimu asinione. Aibu nayo ni kazi, Odeta, inachosha kuliko kulima. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kujitetea: mgongo, mvua, mjukuu. Nikaingia. Mwalimu Gervasi akainua macho akasema, "Mama Skola. Tuko cha, che, chi." Akaendelea kuandika ubaoni. Maneno yangu yote ya kujitetea nilirudi nayo nyumbani, hakuna aliyeyataka.

Sasa ile siku uliponiambia pale jikoni. Chuo kilikuwa kimeshakupigia simu, kwamba watakupokea ila uanze mwaka wa kwanza tena, na wewe ulikuwa umekubali, nguo umeshafua. Halafu ukakaa, ukawa unachokoa moto bila sababu.

"Bibi, labda niende mwakani."

"Mwakani kuna nini?"

"Wale niliosoma nao wako mwaka wa pili sasa. Watanikuta nimekaa na watoto. Watanicheka."

Nikakuambia, "Watakucheka, ndiyo."

Ukanitazama. Ulitegemea nikwambie hawatakucheka.

"Watakucheka wiki moja, ukizidi sana mbili. Halafu watakuacha, maana na wao wana mitihani yao."

"Bibi, wewe huna huruma."

"Huruma ninayo, ndiyo iliyokuweka hapa mwaka mzima."

Ukainuka ukatoka, na chakula hukula. Nilikusikia unamwaga maji kwenye tuta letu la mchicha, kwa hasira, na nikahesabu kwa sikio. Ulimwaga keni mbili. Nikajisemea, basi, huyu mtoto ana kitu mkononi ambacho kichwa chake bado hakijajua.

Nakuomba jambo moja na ni dogo. Huko kuna siku utakosa. Utaumwa, au utasinzia, au utapenda mtu akakuvuruga akili. Sijawahi kuona mtu asiyekosa, na anayesema hakosi nisingemwachia mgonjwa wangu. Siku utakayokosa, acha ipotee. Usiifukuze na kahawa na beseni. Kesho yake ingia darasani, kaa, soma ya siku hiyo. Wakikuuliza ulikuwa wapi, jibu au usijibu. Mlango ule wa darasa utakuwa mzito siku ya kwanza. Siku ya tano utakuwa mzito mara tano, na huo uzito hakuna mtu ameuweka pale, ni wewe unaulisha.

Na kama utasoma kila siku, ukamwaga mbili zako, halafu mtihani ukakushinda kwa sababu kichwa hakikupewa hiyo kazi, rudi kwetu umenyoosha shingo, nitakuchinjia yule jogoo mkorofi. Lakini ukirudi kwa aibu, ujue kwamba mlango nitakufungulia, siwezi kukufungia, wewe ni damu yangu. Ila sitasema tena ni likizo. Mama Zabloni akiuliza, nitamwambia mjukuu wangu amekimbia, na kesho asubuhi anarudi kwa treni. Nami nitakusindikiza mpaka Mpanda kwa mgongo huu huu.

Ulishawahi kuniuliza naandika nini asubuhi ukienda kisimani. Nikakujibu naandika majina ya kuku. Ulicheka, ukasema kuku wenyewe saba, mbona siku zote hizo. Sasa unajua. Nilianza siku ile ile simu ya chuo ilipoingia, kabla sijajua kama kweli utaenda. Mimi siyo mtu wa kuandika barua ndefu. Mkono unakufa ganzi, macho yanatoa machozi, na neno refu linaweza kunimalizia asubuhi. Kwa hiyo nilijipangia mistari mitano, baada ya kumwagilia, kabla hujarudi na ndoo. Kuna siku nilikosa. Siku ya mazishi kule kwa akina Zabloni nilikosa, na zile mbili za kadi nilizokwambia. Nilikuwa na hamu ya kuandika kumi nilipokaa tena, ili nikuwahi, maana siku zako zilikuwa zinaisha. Niliandika mitano.

Kadi ya babu yako nimeiweka chini kabisa mwa sanduku lako, ndani ya ile shuka ya kijani. Ilikuwa mfukoni mwangu tangu siku ile. Sasa naweza kusoma jina lake, Melkiori, limeandikwa vizuri na yule nesi. Sihitaji tena kuitunza mimi. Siku utakapochoka kumwambia mgonjwa maneno yale yale, itazame, halafu mwambie tena.

Leo ndiyo ya mwisho. Sanduku lako liko mlangoni na godoro limefungwa kamba, safari hii limeelekea nje. Pikipiki inakuja kesho alfajiri. Umeniita sasa hivi kutoka uani, nimekujibu ngoja. Nina mengi, Odeta, yamenijaa mpaka kooni, na karatasi bado ipo. Lakini ya leo ni mistari mitano, na huu ndio wa tano.

Bibi yako, Skolastika